Kisogo cha Jiwe

Nyumbani walimwita Wembe, na si kwa sababu ya umbo. Ni ule mdomo. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, kidato cha nne alikimaliza kwa alama za kati kwa kati, na tangu hapo alifanya kazi kwenye duka la kutoa kopi lililobanwa kati ya kinyozi na muuza vioo. Siku nzima alisimama mbele ya mashine inayonguruma kama inaumwa tumbo, akipokea vyeti, barua za kuomba kazi na hati za viwanja, akimtupia kila mteja swali lilelile kwa sauti ileile ya kuchoka: "Mbele tu, au na nyuma?" Aliuliza hivyo mara arobaini, hamsini kwa siku. Tajiri wake alishamwambia kwamba angepata bubu anayejua kubonyeza vitufe, angemwajiri kesho yake.

Barua ya Ofisi ya Hifadhi ilipofika, baba yake aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaisoma mara ya tatu, kisha akaitumia kufunikia kikombe cha chai ili nzi wasiingie.

Mzee huyo alikuwa mpima barafu. Kwa miaka kumi na tisa, kila mwaka mara moja, alipanda mlimani na kopo la rangi nyekundu, brashi, daftari na futi ya utepe. Alifika pale barafu inapoishia, akachagua jiwe kubwa lililo karibu, akalipaka namba ya mwaka huo wa kazi, kuanzia moja, akapima kutoka kwenye jiwe hadi kwenye barafu, akaandika, akashuka. Mwaka uliofuata barafu ilikuwa imerudi nyuma, basi anatafuta jiwe jingine juu zaidi. Hivyo hivyo hadi la kumi na tisa, goti lilipogoma. Sasa ilikuwa imepita miaka kumi tangu astaafu, na Ofisi ilitaka kusimamisha ubao mkubwa langoni wenye vipimo vyote vya barafu tangu mwanzo. Hapo ndipo mwerevu mmoja alipouliza: ushahidi uko wapi? Daftari lipo, lakini hizo alama za mawe nani amewahi kuziona? Hakuna. Waongoza wageni hawajaziona, wageni hawajaziona. Barua ikasema kwamba vipimo vya mzee vitafutwa vyote kwenye kumbukumbu, isipokuwa alama zithibitishwe mlimani mbele ya mwakilishi wa familia.

Kwa lugha ya mtaani: baba yako ni mwongo, njoo ushuhudie.

Wembe hakushangaa sana. Tangu shule ya msingi alisikia ule utani kwamba mzee wake hakuwa anapanda popote. Kwamba alikuwa akikaa kwenye kibanda cha walinzi, anachemsha chai, anatunga namba. Hadi darasa la sita aliwajibu kwa ngumi. La saba aliacha. Si kwamba mkono ulichoka, ni kwamba siku moja alimuuliza baba amwoneshe angalau picha moja, na baba akasema, "Picha ya nini? Mawe yapo."

"Baba, hizo alama ziko wapi hasa?" alimuuliza tena usiku wa kuamkia safari, wakiwa mezani.

"Kwenye mawe."

"Mawe ni mengi, Baba. Ule ni mlima."

"Makubwa. Kumi na tisa. Unayapita moja baada ya jingine."

"Na hao wote waliopita wasione kitu?"

"Hao hawana macho, wana matundu ya kupitishia upepo." Mzee alisukuma sahani. "Mimi simfundishi mtu mzima kutazama. Kama wewe nawe huamini, sema."

Wembe hakusema. Kwake yeye, kunyamaza ilikuwa ni kusema kwa kipaza sauti, na mzee alisikia vizuri. Aliinuka kwa kuegemea goti zima, akaenda kona ya mlango, akarudi na mwavuli. Mwavuli wenyewe ulikuwa wa njano, mkubwa kama kibanda, umeandikwa tangazo la sabuni ya kufulia pande zote.

"Chukua huu."

"Baba, naenda kwenye barafu. Si sokoni."

"Kule kunanyesha kutoka chini kwenda juu. Chukua. Na urudi nao."

Ndivyo alivyofika langoni saa kumi na mbili asubuhi, na mwavuli wa sabuni begani, akawakuta wenzake wa safari. Wawili tu. Wa kwanza alikuwa Mtaalamu kutoka makao makuu: buti mpya, fimbo mbili za kutembelea, koti lenye mifuko ambayo Wembe aliihesabu ikafika kumi na mbili akaacha, na darubini shingoni kubwa kama vikombe viwili vya uji. Mtu alionekana kama ametolewa dukani bila kuvuliwa karatasi. Wa pili alikuwa Kiongozi, kijana wa kuwapandisha wageni, mwenye hotuba moja aliyoikariri na ambayo ukiikatiza katikati anaanza upya.

"Karibuni kwenye safari ya maisha yenu," alisema Kiongozi. "Tutapanda kwa Korongo la Mawe, tutafika kwenye barafu ya milele, na tutashuka kwa Njia ya Mandhari, yenye ziwa, maua na..."

"Kwa nini tusirudi njia tuliyopandia?" aliuliza Wembe.

"Hairuhusiwi, dada. Korongoni ni kupanda tu. Anayeshuka anawaporomoshea mawe wanaopanda. Tangu njia ifunguliwe kwa wageni, miaka minane, hakuna aliyeshukia korongoni. Hata mimi." Akavuta pumzi. "Karibuni kwenye safari ya maisha yenu..."

Mtaalamu aliuangalia mwavuli. "Binti, tunategemea mvua ya sabuni?"

"Tunategemea buti zako, mtaalamu. Zikianza kukuuma nitakufunika usionekane ukilia."

Walianza hivyo, na waliendelea hivyo.

Korongo lilikuwa mtaro mpana wa kijivu, mawe juu ya mawe, kama mji uliobomolewa na mtu mwenye hasira kisha akasahau kuuzoa. Ukungu uliwafuata kwa nyuma. Ulipanda nao hatua kwa hatua, mzito kama maziwa, kiasi kwamba ukigeuka huoni hata ulipotoka kukanyaga. Mbele kulikuwa kweupe. Kila baada ya mwendo fulani lilitokea jiwe kubwa kama chumba, nayo njia ililipita pembeni, na hapo Mtaalamu alisimama, akalielekezea simu akiwa palepale chini, akapiga picha moja.

"Safi," alisema.

"Safi maana yake nini?" aliuliza Wembe.

"Maana yake halina kitu."

Hakulizunguka hata moja. Pembeni ya mawe kulikuwa na kokoto zinazoteleza, na buti zilikuwa mpya. Alilitazama kila jiwe kama afisa anayetazama foleni dirishani: kuna watu, ndiyo, lakini muda wa kazi umekwisha. Na Wembe? Wembe hakutazama mawe kabisa. Alikuwa na kazi nzuri zaidi. Alikuwa anamtazama Mtaalamu akipanda, jinsi fimbo moja ilivyokwenda mashariki na nyingine magharibi na makalio yakabaki katikati yakisubiri maamuzi, na alikuwa anatunga namna atakavyowasimulia dukani. Akasikia "safi" ya tatu, ya tano, ya nane, na kila moja akaifunika kwa kicheko.

Kwenye jiwe moja linalokinga upepo walipumzika. Walikaa chini, migongo kwenye jiwe, nyuso kwenye ukungu, wakanywa chai.

"Baba yako alikuwa mtu mwema," alisema Mtaalamu akipuliza kikombe. "Nimesikia. Unajua, zamani hakukuwa na usimamizi. Mtu anaona baridi, ana familia, anaandika tu chochote. Simlaumu."

"Simlaumu" ile ilikuwa na mafuta, ungeweza kukaangia yai. Wembe alitaka kumjibu. Lakini amtetee mzee kwa lipi? Mtu hawezi kutetea jiwe tupu. Akasema, "Mtaalamu, kamba ya buti yako imefunguka," na haikuwa imefunguka.

Barafu waliifikia kabla ya saa sita. Kiongozi alisimama juu ya jiwe, akapanua mikono.

"Mbele yenu ni barafu ya milele! Fahari ya mlima! Imekuwepo kabla yetu na itakuwepo..."

"Itakuwepo wapi?" alisema Wembe.

Kwa sababu hiyo barafu ya milele, jamani, ilikuwa inadondoka. Tone, tone, tone. Ilikuwa chafu, ya kijivu, imejaa mchanga, imelalia ubavu kwenye mwamba kama godoro la zamani lililotupwa nje baada ya mgonjwa kufa. Chini yake palitoka kijito cha rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Mtaalamu alivua glavu, akaigusa kwa kidole kimoja, akajipiga picha akitabasamu kama aliyeshika mkono wa mkubwa fulani. Kisha alitoa fomu kwenye mfuko wa saba.

"Haya. Tumefika mwisho, mawe yote tumeyapita. Idadi ya alama zilizoonekana: sifuri. Nasaini mimi, unasaini wewe kama mwakilishi wa familia, tunafunga faili. Mzee hatasumbuliwa."

Wembe aliishika fomu. Karatasi ngumu, nzuri, ingepita vizuri kwenye mashine. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alimwona baba yake mezani akisukuma sahani, akawaona wale watoto wa shule, akahisi hasira, na ajabu ni kwamba hasira haikwenda kwa Mtaalamu. Ilikwenda nyumbani. Miaka yote hii nimekupigania, mzee. Ungetunga hata jiwe moja basi. Moja! Akasaini haraka haraka, kama anavyosaini mzigo wa karatasi ukiletwa dukani, akamrudishia.

"Umefanya kiutu uzima," alisema Mtaalamu.

"Nyamaza," alisema Wembe.

Ndipo alipojipapasa begani. Mwavuli haukuwepo.

Aliuona kwa akili palepale ulipo: umeegeshwa kwenye lile jiwe walilonywea chai. Sasa fikiria. Unarudi nyumbani kumwambia mzee kwamba vipimo vyake vyote vimefutwa, kwamba wewe mwenyewe umesaini, na juu ya hayo mwavuli wake wa sabuni umeuacha mlimani. Hilo la mwisho angelisikia hadi arobaini ya kifo chake mwenyewe.

"Nendeni na mandhari yenu," aliwaambia. "Mimi nashukia korongoni."

"Dada, hairuhusiwi!" Kiongozi alishtuka kama aliyeona mtu anaingia msikitini na viatu. "Utawaporomoshea wanaopanda!"

"Leo nani anapanda? Tuko sisi tu. Andika kwenye fomu kwamba mwakilishi wa familia hana adabu."

Akashuka. Jua lilikuwa limetoka, na ukungu ulikuwa umekunjwa kama shuka, korongo zima limekaa wazi hadi chini. Alishuka akitukana kimoyomoyo: Mtaalamu, buti, barafu, baba, barua, sabuni. Alifika kwenye tusi la baba alipoinua macho, akasimama.

Jiwe lilikuwa linamtazama.

Uso mzima wa lile jiwe, ule unaoelekea juu, kwenye barafu, ulikuwa na 19. Nyekundu iliyopauka, ndefu kama mtoto wa miaka mitano, imepakwa kwa mkono usiotetemeka. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Goti limekataa. Mita 14.*

Wembe alisimama mdomo wazi. Kwa mtu wa mdomo ule, jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Akatazama chini zaidi. 18. Chini yake, 17. Lile kubwa lililopinda, 16. Korongo lote, jiwe baada ya jiwe, lilikuwa limemgeukia na namba zake, kama darasa linalosimama mwalimu akiingia.

Ilikuwa rahisi kiasi cha kutukanisha. Mpimaji anapima kutoka kwenye jiwe kwenda kwenye barafu. Ncha ya utepe inakaa upande iliko barafu. Alama inapakwa palepale, na mzee alishukia njia hiyohiyo kila mwaka akiziona zote zikimsindikiza. Hakuwahi kujua kwamba siku hizi watu wanapanda tu, wanapita nyuma ya mawe yake, kisha wanapelekwa kuona maua. Na yeye Wembe, ambaye mkate wake ni kuuliza watu mbele au nyuma, alipita mawe kumi na tisa bila kuuliza hata moja.

Alikimbia. Alivipita vipimo vya miaka akivisoma kwa sauti. *15. Mvua siku tatu. Mita 11.* *12. Nimesahau chai. Mita 8.* Mpaka akafika kwenye jiwe la mapumziko, mwavuli umeegemea upande wa pili kama mpumbavu, na usoni mwa jiwe, 7, na chini yake:

*Msichana. Kilo 3 na robo. Analia sana. Mita 9.*

Alikaa chini kidogo. Si muda mrefu. Alijipangusa pua kwa mkono wa sweta, akasema, "Robo ya nini, mzee, nilikuwa kilo tatu na nusu, mama kaniambia."

Kisha akakumbuka fomu.

Njia ya Mandhari ilipita juu ya ukingo wa korongo, upande wa kulia, na huko juu aliwaona: doa la koti la mifuko, na doa la Kiongozi mbele yake. Muda si mrefu wangepinda nyuma ya mwamba, na hapo kwaheri, karatasi inafika langoni inagongwa muhuri. Wembe aliukwea ubavu wa jiwe la saba kwa kucha, akasimama juu, akafungua mwavuli. Njano yote ya sabuni ikafunguka katikati ya ule ukijivu. Akaanza kuupunga.

"Wewe! Mtaalamu! Mtaalamu wa buti!"

Korongo likarudisha: buti, buti, buti. Madoa yakasimama.

"Kuna nini?" ilikuja sauti ya Mtaalamu, nyembamba.

"Tazama mawe!"

"Tulishayatazama!"

"Uliyatazama visogo! Tazama sasa! Tumia hiyo darubini, au umeivaa kama mkufu?"

Aliona mkono ukinyanyuka kwenda machoni. Ukakaa huko. Ukaendelea kukaa. Kisha Kiongozi, ambaye alikuwa hana subira ya kitu chochote kisicho kwenye hotuba yake, aliinyakua darubini na kamba yake, shingo ya Mtaalamu ikafuata.

"Kumi na nne!" alipiga kelele Kiongozi. "Kumi na tatu! Mama yangu, kumi na mbili! Miaka minane nimepita hapa! Kumi na moja!"

"Fomu imeshasainiwa!" aliita Mtaalamu, na hata kwa umbali ule ilisikika kwamba anaomba.

"Igeuze! Nyuma kuna nafasi! Andika anavyokusomea!"

Na aliandika. Akiwa amepiga magoti kwenye Njia ya Mandhari, mgongo kwa ziwa, mgongo kwa maua, mtu wa makao makuu aliandika kumi na tisa, moja moja, huku Kiongozi akisoma na Wembe akizunguka na mwavuli kutoka jiwe hadi jiwe ili wasiruke hata moja. Alipofika la kwanza, chini kabisa, upepo uliopanda kutoka bondeni uliukamata mwavuli, ukaugeuza ndani nje, ukaondoka nao.

Jioni mzee alikuwa mlangoni.

"Mwavuli uko wapi?"

"Upepo umeuchukua. Kutoka chini kwenda juu, kama ulivyosema."

"Hm."

"Alama zimeonekana, Baba. Zote. Zilikuwa upande wa barafu. Watu siku hizi hawashukii kule, wanapita nyuma tu."

Mzee alimtazama kama mtu anayeambiwa kwamba watu siku hizi wanakula kwa masikio. "Sasa nani anapaka rangi kisogo cha jiwe?" alisema, akaingia ndani. Baadaye, kupitia ukuta, Wembe alimsikia akipiga mluzi, kitu alichokuwa hajakifanya tangu barua ije. La sahihi yake hakumwambia.

Jumatatu mlango wa duka la kopi ulifunguliwa, akaingia Mtaalamu. Alivaa ndala. Visigino vyote viwili vilikuwa na plasta. Alitoa fomu kwenye bahasha, akaiweka kauntani bila kumtazama usoni.

"Nakala kwa ajili ya ubao," alisema.

Wembe aliishika karatasi. Upande mmoja namba kumi na tisa, mwandiko umelala kwa upepo. Upande wa pili sifuri, sahihi ya Mtaalamu, na sahihi yake.

"Mbele tu, au na nyuma?" aliuliza.

Mtaalamu akashusha sauti. "Nyuma tu. Ile ya mbele haitufai, dada. Wala mimi, wala wewe."

Mashine ilinguruma ikisubiri. Nyuma ya Mtaalamu walikuwepo wateja wawili, mmoja anagongagonga hati yake kauntani. Wembe aliinua kifuniko, akailaza fomu kwenye kioo, upande wa sifuri chini.

"Hapa kwetu fomu haikatwi kichwa," alisema. "Mguu unaendeleaje?"

Alitoa zote mbili, mbele na nyuma, nakala mbili. Moja alimpa Mtaalamu, naye akaondoka nayo akichechemea. Ya pili aliikunja mara nne akaitia mfukoni, ya kwenda nayo nyumbani jioni, na aliamua kwamba ataianza kwa upande wenye sahihi yake. Mzee angekuwa na la kusema. Angelisema kwa mwaka mzima, kila mlo, mbele ya wageni.

"Anayefuata," alisema Wembe. "Mbele tu, au na nyuma? Na usinijibu kabla hujaigeuza."